Magoti Sakafuni Auderghem

Barabara ya Wavre huanzia Porte de Namur, karibu na kitovu cha Brussels. Hupita Matonge penye saluni za kusuka na maduka ya samaki wakavu, hukatiza Etterbeek, kisha huingia Auderghem, manispaa ambayo wasemao Kiholanzi huiandika Oudergem. Mbele yake ni msitu wa Soignes. Basi namba 34 huifuata barabara hiyo sehemu kubwa ya mwendo wake. Alfajiri za majira ya baridi, saa moja asubuhi ikiwa bado giza, abiria wake wengi ni wanawake wenye makoti marefu na mikoba miwili miwili, mmoja wa chakula, mwingine wa viatu vya kazini. Huketi kimya. Sauti inayosikika ni ya ujumbe wa WhatsApp uliofunguliwa polepole, na mara nyingi lugha yake ni Kiswahili cha Bukavu.

Nilianza kupanda basi hilo mwishoni mwa mwaka 2024. Mimi ni mtu wa Tanga, mwalimu na mwanafunzi wa anthropolojia, na nilikwenda Ubelgiji kuwatafiti wanawake wa mashariki ya Kongo wanaojipatia riziki kwa kusafisha nyumba za watu. Auderghem ina nyumba za namna hiyo tele. Ni manispaa ya wakazi wapatao elfu thelathini na ushei, imeegemea msitu, ina familia za watumishi wa Umoja wa Ulaya, na ina shule ya Wajapani iliyowavuta wengi wao kuishi mitaa ya karibu. Usafi wa majumbani huko hulipwa kwa vocha ziitwazo titres-services, mfumo ulioanza kufanya kazi mwaka 2004. Mwenye nyumba hununua vocha, moja kwa saa moja ya kazi. Mfanyakazi huipeleka kwa kampuni iliyomwajiri. Kampuni humlipa mshahara na serikali huchangia sehemu ya gharama. Mfumo huo uliwatoa wanawake wengi katika kazi za kificho ukawapa mkataba, bima na likizo. Pia uliikata siku yao vipande, saa tatu hapa, saa nne pale, na katikati ni basi, metro na tramu.

Nilikuwa na kinasa sauti, maswali na fomu za ridhaa. Walisaini, wakanikaribisha chai, wakajibu. Majibu yao yalikuwa yamepangika kwa tarehe na majina ya vijiji, tukio baada ya tukio, bila pengo wala kusitasita. Mama mmoja wa Uvira, mkubwa wa kundi lile kwa umri, ndiye aliyenieleza kwa nini. "Hii histoire nilishaisema ku bureau," aliniambia. Alikusudia ofisi inayoamua maombi ya hifadhi. Aliyewahi kuhojiwa huko, mkalimani pembeni na ofisa akiandika kila neno, anajua kwamba tarehe moja iliyokosewa inaweza kumharibia maisha. Akikiona kinasa sauti mezani, mwili hukumbuka mapema kuliko akili. Mgongo hunyooka, viganja hupandana mapajani, sauti hushuka. Nami niliketi ng'ambo ya meza, mahali pale pale alipoketi ofisa.

Mama huyo ndiye aliyebadilisha mkao wetu. Chama cha wanawake hao hukodi ukumbi mmoja huko Auderghem kwa ubatizo, harusi na misiba, na kabla ya shughuli huja wenyewe kuusafisha, kazi isiyo na vocha. "Mwalimu, kuya tukorope," aliniambia Jumamosi moja, akanipa tambara na ndoo.

Kupiga deki ni jambo nililolijua tangu utotoni, au mwili wangu ndio uliolijua. Tanga tunainama kutoka kiunoni, miguu imenyooka, tambara mikononi, tunarudi kinyumenyume hadi mlangoni. Wabelgiji hufanya kazi hiyo wakiwa wima: hulizungushia tambara ubao wenye ulimi wa mpira na mpini mrefu, husukuma maji mbele, kisha huyavuta. Kampuni huwafundisha wafanyakazi mtindo huo ili kuulinda mgongo. Wenzangu ukumbini walikuwa na mitindo yote miwili. Katikati ya ukumbi walisimama na mpini. Kwenye kona na chini ya jukwaa waliuacha, wakapiga magoti na kusugua kwa mkono. Hakuna aliyeagiza mabadiliko hayo. Mwaka 1934 mwanaanthropolojia Marcel Mauss alitoa mhadhara huko Paris juu ya mbinu za mwili, akaonyesha kwamba kutembea, kuogelea na kuchuchumaa ni mambo tunayofunzwa na jamii. Alisimulia jinsi alivyowatazama wauguzi akiwa mgonjwa hospitalini New York, kisha akauona mwendo ule ule kwa wasichana wa Paris waliouiga kutoka sinema. Mhadhara huo nilikuwa nimeufundisha darasani. Ukumbini niliona kwamba pale mama alipouweka mpini ukutani na kushuka chini ndipo Uvira na Ubelgiji zilipokutana mwilini mwake, na nisingeliona hilo kama ningekuwa nimekaa kwenye kiti.

Kuna mambo mengine yaliyonifikia kwa njia hiyo. Javeli, ambayo kwetu tungeiita jiki, inapochanganyika na maji moto katika choo kisicho na dirisha, hukaba koo kiasi kwamba unajifunza kupumua kwa zamu: unasugua ukiwa umebana pumzi, unatoka mlangoni, unavuta hewa, unarudi. Ngozi ya katikati ya vidole hupasuka. Bega la mkono wa kulia ndilo linalotangulia kuuma, kisha kiuno. Baada ya Jumamosi kadhaa nilielewa kwa nini kwenye basi wengi hupenda kiti cha dirishani upande wa kulia: pale bega hupata kioo cha kuegemea. Hakuna aliyenieleza, wala nisingejua kuuliza.

Na tulipokuwa chini, maneno yalikuja. Nadhani ni kwa sababu hakuna aliyemtazama mwenzake usoni. Macho yapo sakafuni, mikono ina kazi, na mtu anaweza kusema jambo zito kisha akalifunika kwa kelele ya ndoo. Walizungumza juu ya mzee mjane anayewasihi wakae wale naye, ili saa ipite bila upweke, na jinsi ilivyo vigumu kumkatalia na vigumu kumkubalia, maana kazi itabaki palepale. Walizungumza juu ya ndoa zinazovunjika, ambazo mfanyakazi huzitambua kwa shuka za vyumba viwili kabla ya majirani. Mmoja alisema kwamba amezishika nguo za mtoto wa mwajiri wake mara nyingi kuliko za mwanawe aliyebaki Kongo. Tambara lake halikusimama alipokuwa akisema.

Wapo wenzangu wa fani wanaoamini kwamba jasho humpa mtafiti haki ya kusema kwa niaba ya anaowatafiti. Namheshimu sana Loïc Wacquant, ambaye mwaka 1988 alijiunga na ukumbi wa ndondi katika mtaa wa watu weusi Chicago, akafanya mazoezi kwa miaka mitatu, akapanda ulingoni, kisha akaandika Corps et âme, kitabu kilichotoka mwaka 2000. Kabla yake wengi waliandika juu ya ndondi kutoka kwenye viti vya watazamaji. Hata hivyo, kushiriki kwa mwili kunafundisha jinsi kazi inavyofanywa; hakufundishi maana ya kutoweza kuiacha. Maumivu yangu ya mgongo yalikuwa na tarehe ya mwisho, na tarehe hiyo ilipigwa muhuri kwenye viza yangu. Yao yana watoto wa kusomesha Bukavu na kodi ya nyumba Anderlecht.

Anayenisaidia zaidi hapa ni Mfaransa Jeanne Favret-Saada, aliyefanya utafiti wa uchawi katika vijiji vya magharibi mwa Ufaransa na kuchapisha Les mots, la mort, les sorts mwaka 1977. Aligundua kwamba katika mambo ya uchawi hakuna mahali pa mtazamaji. Watu hawakumwambia lolote la maana hadi walipomwona naye kashikwa. Baadaye alisisitiza kwamba kuguswa si kuhisi wanachohisi wengine, bali ni kukaa mahali ambapo nguvu zinazowapiga wao zinakupiga na wewe, kwa namna yako. Nilipewa mahali nikapigwa kwa namna yangu, na kazi ya daftari ni kuandika zote mbili, mahali na namna.

Mwili nao hautazami tu, unatazamwa. Dar es Salaam nikiingia chumbani nikiwa na mkoba, naitwa mwalimu kabla sijafungua kinywa. Auderghem, katika mitaa tulivu inayopanda kutoka bonde la mto Woluwe, bibi mmoja mwenye mbwa alinisimamisha kwa upole akaniuliza kwa Kifaransa kama nina saa za wazi siku ya Alhamisi. Hakuwa na ubaya. Aliona mwanamke mweusi akitembea asubuhi siku ya kazi, akajua kazi yake ni nini. Niliandika mkasa huo siku ile ile, pamoja na nilivyohisi: joto masikioni, kisha hamu ya kutaja vyeti vyangu, kisha aibu kwa hamu hiyo, kwa kuwa wenzangu wangejibu tu kwamba Alhamisi wamejaa. Mzungu anayekuja Tanga kututafiti hupewa kiti, tena kilichofutwa vumbi. Mimi Brussels nilipewa ndoo. Ndoo ilinifungulia mlango ambao kiti kisingeufungua, lakini msomaji wa utafiti wangu ana haki ya kujua kwamba mlango huo ulifunguka kwa sababu ya rangi yangu, jinsia yangu na lugha yangu.

Wala si kweli kwamba Mwafrika akiwatafiti Waafrika suala hili linaisha. Jomo Kenyatta, mwanafunzi wa Malinowski huko London School of Economics, alichapisha Facing Mount Kenya mwaka 1938, na katika utangulizi alieleza kwamba anayoyaandika ameyapitia mwenyewe, jando likiwemo. Ilikuwa hoja ya nguvu wakati ambapo wageni ndio waliohesabiwa kuwa wajuzi wa Wagikuyu. Lakini mwili wa Kenyatta ulikuwa wa mwanamume, na mengi aliyoyaeleza juu ya wanawake aliyaeleza kutoka upande wa pili wa ua. Mimi na mama wa Uvira tunazungumza Kiswahili, na bado mimi si wa vita vyao wala wa ziwa lao. Walinikumbusha kwa wema kila nilipojisahau kidogo: "Ninyi ba Tanzania muko na amani."

Siku za mapumziko tulitembea. Upande wa kaskazini mwa manispaa kuna Val Duchesse, kasri lililo mahali palipokuwa na monasteri ya watawa wa kike iliyoanzishwa karne ya 13. Tuliliona kupitia uzio tu. Hapo ndipo mwaka 1956 wajumbe wa nchi sita, wakiongozwa na Mbelgiji Paul-Henri Spaak, walijadili mikataba ya muungano wa Ulaya iliyotiwa saini Roma tarehe 25 Machi 1957. Kongo ya Kibelgiji na Ruanda-Urundi ziliingizwa katika mpango ule kama maeneo ya ng'ambo yaliyoshirikishwa. Mama alitazama miti kwa kitambo, akauliza nani aliketi mezani kwa ajili ya Kongo, na hatukukaa zaidi hapo.

Tulikaa zaidi Rouge-Cloître. Ni makao ya zamani ya watawa wa Mtakatifu Augustino, yaliyoanzishwa karne ya 14 ukingoni mwa msitu na kufungwa mwishoni mwa karne ya 18. Leo kuna majengo ya matofali, mabwawa, bata, na familia zinazosukuma vigari vya watoto. Katika miaka ya 1470 aliingia hapo Hugo van der Goes, mmoja wa wachoraji wakubwa wa Flanders. Aliendelea kuchora akiwa mtawa, akipokea wageni wa heshima, hata Maximilian wa Austria, na kunywa nao mvinyo. Siku moja, akirejea na wenzake kutoka Köln, alishikwa na fazaa, akilia kwamba amelaaniwa, akitaka kujidhuru. Mkuu wa watawa aliamuru apigiwe muziki, kama Daudi alivyompigia Sauli. Alirudi hapa akiwa mgonjwa, na akafa mwaka 1482.

Tunayajua haya kwa sababu mtawa mwenzake, Gaspar Ofhuys, aliyaandika miaka mingi baadaye katika taarifa ya nyumba yao. Kwangu huyu Ofhuys ni mwanaethnografia wa kwanza wa Auderghem. Aliishi na aliyemwandika, chini ya paa moja. Anaeleza ugonjwa kwa makini na anapima sababu zake: vyakula vinavyozidisha huzuni, mvinyo mkali, wasiwasi wa mchoraji juu ya kazi asizoweza kuzimaliza. Pia anafikiria kwamba huenda Mungu alimnyenyekeza mtu aliyekwezwa mno na sifa. Wasomi wa historia ya sanaa wamebishana kama katika hilo la mwisho mna wivu, maana Ofhuys na Hugo waliingia utawa wakati mmoja, na Hugo ndiye aliyepewa ruhusa ambazo wengine hawakupewa. Ofhuys hasemi alihisi nini alipokuwa akila chakula cha kawaida huku mwenzake akiketi na wakuu. Kama angeliandika hilo, hata kwa mstari mmoja, tungejua namna ya kuusoma ushahidi wake wote. Nilimsimulia mama habari hiyo tukizunguka bwawa. Akasema, "Alikuwa na roho mbaya huyo, ao alikuwa anachoka naye. Mgonjwa anachokesha." Mama huyo kabla ya kusafisha nyumba alikuwa ameuguza wazee. Jambo la kuchoka lilikuwa halijanijia akilini, wala sikumbuki kulikuta mahali katika niliyosoma juu ya Ofhuys, na naamini mama ana hoja.

Kutoka hapo msitu unaendelea hadi Tervuren, na siku nyingine tulikwenda huko kwa tramu namba 44 inayopita kati ya miti mirefu ya aina ya beech. Sehemu za msitu huo ziliingizwa mwaka 2017 katika orodha ya urithi wa dunia wa UNESCO. Katika bustani ya Tervuren, mwaka 1897, Mfalme Leopold wa Pili alifanya maonyesho ya Kongo na kuwaleta Wakongo 267 waishi katika vijiji vya maonyesho kando ya maji, ili umma uwatazame wakipika na kupiga makasia. Watazamaji walizidi milioni moja. Majira yale ya joto hayakuwa na joto. Saba walikufa, Ekia, Kitukwa, Mpeia, Zao, Mibange na wenzao wawili, na makaburi yao yapo kando ya kanisa la Tervuren. Mama hakusoma maelezo kwenye ubao. Alifunga kola ya koti lake, akasema, "Baridi ndiyo ilibaua," kisha akanisimulia majira yake ya kwanza ya baridi, jinsi masikio yalivyouma hadi akadhani amepata ugonjwa wa ubongo. Palepale nilipata masimulizi ambayo kinasa sauti kilikuwa kimeyakosa.

Ndani ya jumba la makumbusho la Tervuren, lililofunguliwa upya mwaka 2018, kuna ukuta ulioandikwa majina 1,508 ya Wabelgiji waliokufa Kongo kati ya 1876 na 1908. Freddy Tsimba, msanii wa Kinshasa, ameweka majina ya wale Wakongo saba kwenye vioo vya madirisha yanayoukabili, ili jua likiwaka vivuli vyao viangukie juu ya ukuta ule. Siku yetu mawingu yalitanda. Majina yalibaki kwenye vioo.

Mwaka 1876 ndio mwaka ambao Leopold aliitisha mkutano wa kijiografia Brussels na kuunda Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika. Misafara yake ya kwanza haikupitia mto Kongo. Ilianzia pwani yetu, Zanzibar na Bagamoyo, ikapitia Tabora, na mwaka 1879 Mbelgiji Cambier akaanzisha kituo cha Karema kando ya ziwa Tanganyika. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyefanya utafiti wake kwa Kiswahili cha Katanga, ameandika katika Out of Our Minds, kitabu cha mwaka 2000, kwamba wapelelezi wa namna hiyo mara nyingi walikuwa na homa, wamelewa, wamepewa afyuni au kwinini kwa wingi, wana hofu na uchovu, na kwamba ujuzi wao ulizaliwa katika hali hiyo. Taarifa zao ziliandikwa kana kwamba jicho limetazama Afrika bila kiwiliwili chini yake. Mimi ningeongeza kwamba chini ya kiwiliwili cha mpelelezi palikuwa na kingine, cha mpagazi Mnyamwezi au Mswahili aliyebeba sanduku la vipimo na mara nyingine akambeba bwana mwenyewe kwenye machela. Sayansi ya Brussels juu ya nchi zetu ilisafiri juu ya vichwa vya watu ambao majina yao machache mno yaliandikwa.

Kisha ikaja Februari 2025. Goma ilikuwa imetekwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari. Katikati ya Februari uwanja wa ndege wa Kavumu ukatekwa, halafu Bukavu yenyewe. Kwenye basi hakuna tena aliyepunguza sauti ya simu. Wanawake walisafisha nyumba za Auderghem wakiwa na kisikizio sikio moja, wakipokea habari za mtaa gani umepigwa na nani amevuka kwenda Rwanda au Burundi. Wiki hiyo mmoja wao alifiwa na kaka yake mkubwa huko Bukavu. Kusafiri kwenda kuzika hakukuwezekana, na matanga yakawekwa katika ukumbi wetu.

Nilikuwa jikoni. Tulisonga bugali katika sufuria ambayo mtu mmoja hawezi kuishika na kusonga kwa wakati mmoja. Mmoja hushika masikio ya sufuria kwa matambara, mwingine husonga, na mnapokezana mikono ikifa ganzi. Sombe, kisamvu kwetu, ilitoka kwenye friji za Matonge. Samaki sambaza wakavu walikuwa wamehifadhiwa na mtu tangu safari ya mwisho. Mfiwa alipoingia jikoni, wanawake walimpokea kwa sauti moja, na sauti hiyo ikanipitia kifuani, nikajikuta nami nalia, nikimlilia baba yangu aliyezikwa Tanga nikiwa masomoni. Mama wa Uvira aliuona mkono wangu ukielekea kwenye mfuko wa daftari, kwa mazoea. "Hii ya leo usiandike, mwalimu. Lia tu."

Sikuandika usiku ule. Haya ninayaandika sasa kwa ruhusa ya mfiwa, na nimeacha mengi. Mwanaanthropolojia Renato Rosaldo alisema kwamba hakuelewa maneno ya wazee wa Kiilongot wa Ufilipino juu ya uchungu na hasira hadi mkewe, Michelle, alipoanguka gengeni na kufa mwaka 1981. Wapo waliomlaumu kwa kuingiza msiba wake katika nadharia. Mimi simlaumu. Lakini machozi yangu jikoni Auderghem yalinifundisha juu ya baba yangu kwanza, na juu ya Bukavu kidogo tu. Nilipokuja kuandika, nilitenganisha mambo hayo mawili katika aya mbili, ili msomaji asidhani kwamba kwa kuwa nililia nao nililia kilio chao.

Sura ya kwanza niliiandika kwa Kiswahili kabla ya kuigeuza Kifaransa, nikaisoma kwa sauti ukumbini. Walisahihisha mambo ya sabuni. Waliomba niondoe aya juu ya goti la mwenzao, kwa sababu kampuni yake ingeweza kumtambua, nami nikaiondoa. Waliomba pia niseme kwamba hucheka sana wakiwa kazini, kwa kuwa nilikuwa nimewajaza huzuni kurasa zote. Hilo nalo ni kweli: kicheko chao ndicho kilichokuwa kikinitangulia kila nilipoukaribia ule ukumbi.

Nina ombi kwa wanafunzi wa anthropolojia wa Dar es Salaam, Nairobi, Makerere na Bukavu, hasa watakaotumwa Ulaya, na naomba wengi zaidi watumwe. Katika kila utafiti andikeni ukurasa unaosema mliketi wapi na mlisimama wapi, nani aliwapa kiti na nani aliwapa ndoo, mwili wenu uliumwa nini na uliruhusiwa kuondoka lini. Na ukurasa huo uwe wa kwanza kusomwa na waliowapokea, kwa lugha yao, kabla haujafika kwa msimamizi.